Banda la samaki Dunga, na mhudumu asiyeshika kalamu

Kama mko wengi na mnataka ngege (samaki aina ya tilapia) Kisumu, nendeni ufuo wa Dunga mtafute banda ambalo mhudumu wake haandiki oda. Jina silitaji kwa kuwa nina lalamiko moja, ila ukiuliza wavuvi watakuonyesha.

Chakula ni kizuri. Ngege wa kukaanga alikuja ngozi ikivunjika kwa kidole na nyama ya ndani bado laini, ugali wa moto, mboga ya osuga (mnavu) iliyotiwa maziwa mpaka uchungu ukatulia. Wa mchuzi alizidishiwa nyanya.

Kwa bei, muwe macho. Kijana wa kuuza huanza kwa kuinua samaki mkubwa kuliko wote na kutaja bei yake, na baada ya hapo yule wa wastani anaonekana wa bure. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika juu ya jambo hili mwaka 1974. Walizungusha gurudumu lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kadirio la katikati lilikuwa 25 kwa walioona 10, na 45 kwa walioona 65, ingawa gurudumu halina habari yoyote na Afrika. Kwa hiyo kubalianeni bajeti kabla ya kusogelea sinia.

Sasa huyo dada asiyeandika oda. Mimi hufundisha saikolojia katika chuo cha ualimu, na siku hiyo tulikuwa walimu tisa mezani, kila mmoja na lake. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba, viwili juu au chini. Nelson Cowan, mwaka 2001, akashusha hadi karibu vinne. Oda tisa zingewalemea wengi. Lakini hakutuzunguka kiti kwa kiti. Aliuliza, "Walimu, wa kukaanga ni nani?" Mikono mitano. "Wa mchuzi?" Mitatu. "Na omena?" Mmoja. Kisha akawaomba wa mchuzi, kwa heshima zote, wahamie upande wa ziwani. Oda tisa zikawa mafungu matatu, na kila fungu akili hulibeba kama kitu kimoja. Hiyo ndiyo hoja ya Miller ambayo wanafunzi wangu huikariri kwa ajili ya mtihani. La kuwahamisha watu sijalisoma popote, na nililipenda zaidi, maana kuanzia hapo meza yenyewe ilimkumbushia.

Sahani nane zilitua mahali pake bila swali. Omena haikuja.

Nilikuwa nimemfuata kwa macho. Kabla hajafika jikoni, wateja wa meza mbili walimsimamisha wakitaka nambari ya kulipia M-Pesa, naye akawatajia tarakimu moja moja, mara mbili. Lloyd na Margaret Peterson walionyesha mwaka 1959 kinachotokea hapo: waliwapa watu herufi tatu tu, wakawahesabisha kurudi nyuma kwa tatu tatu wasipate nafasi ya kuzirudia moyoni, na ilipofika sekunde 18 karibu zote zilikuwa zimepotea. Kwa hiyo kosa naliweka kwa mwenye banda. Nambari hiyo ipakwe rangi ukutani, kubwa, isomeke kutoka kila meza, ili mhudumu asigeuzwe ubao wa matangazo. Mwenzetu alingoja omena yake mpaka sisi tukamaliza kula, na hakuna aliyekuja kumwomba radhi.

Tulipokwisha kulipa nilimuuliza dada nani alikula nini. Akatutazama, akacheka, "Mwalimu, hiyo imeshaenda." Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti juu ya hili mwaka 1927. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake, Kurt Lewin, aliwaona wahudumu wa Berlin wakikumbuka vizuri oda ambazo hazijalipiwa. Zeigarnik akawapa watu kazi ndogo ndogo, akawakatiza nusu yake, na zilizokatizwa ndizo walizokumbuka zaidi. Si majaribio yote ya baadaye yaliyokubaliana naye, lakini nilichokiona Dunga kinanitosha kutoa ushauri huu: mkiwa kundi, msilipe mpaka sahani ya mwisho iwe mezani.