Vite kwa kuanzisha projekti mpya: mimi nimeikubali

Jamani kama bado unaanzisha projekti za React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa za wavuti) kwa Create React App, ile zana ya kuanzishia projekti, hebu achana nayo, timu ya React wenyewe walishaistaafisha Februari 2025. Mimi natumia Vite, zana ya kuanzishia na kuendeshea projekti za wavuti, ile aliyoianzisha Evan You, huyohuyo aliyetengeneza Vue, mwenzake React, na kwa kweli inafanya kazi.

Cheki kwanza toleo la Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya brauza, inakuja na npm ya kusakinishia vifurushi) kwa node -v, maana Vite 7 inataka Node 20.19 au 22.12 kwenda juu. Afu kwenye terminali unaandika npm create vite@latest duka -- --template react-ts (duka ni jina la projekti, react-ts ni React na TypeScript, yaani JavaScript yenye taipu), unaingia kwenye folda, npm install, npm run dev, basi, unafungua localhost:5173 na ukurasa huo hapo. Zile dashi mbili zinazokaa peke yake usiziruke, bila hizo npm inaimeza --template yenyewe na unaanza kuulizwa upya unataka React, Vue, Svelte au nini.

Kinachonifurahisha zaidi ni ile seva ya npm run dev, unayoitumia wakati unaandika kodi. Haisubiri iunganishe kodi yote ndo iwake, inaiacha brauza iombe moduli kadiri ukurasa unavyozihitaji, kwa hiyo hata projekti ikinenepa bado inawaka chap, ukibadilisha rangi ya kitufe ukasevu unaiona palepale na ulichojaza kwenye fomu hakipotei. Na folda inakuja nyepesi, vite.config.ts ni mistari michache tu, unaisoma yote ukaielewa.

Ila seva hiyo haikagui taipu za TypeScript, inaziondoa tu na kuendelea, so unaweza ona kila kitu kinacheza afu npm run build, ile ya kutengeneza toleo la mwisho, ikagoma, maana tsc, kikaguzi cha TypeScript, inapita hapo. Fuata mistari myekundu ya edita yako mapema. Vigeu vya .env (faili la mipangilio ya projekti) navyo lazima vianze na VITE_ la sivyo kodi ya brauza haivioni, na chochote chenye VITE_ kinafika hadi kwa mtumiaji, kwa hiyo paswadi ya database usiiweke humo kabisa, nasema kabisa!

Raota (ya kuhama ukurasa hadi ukurasa) na testi unajiongezea mwenyewe, kwangu sawa tu, anayetaka vingi viwe tayari pamoja na kurenda kwenye seva, yaani ukurasa kuandaliwa kwenye seva kabla ya kufika kwenye brauza, aangalie Next.js, fremuwaki ya React. Na ukitaka kuona kazi yako kwenye simu, npm run dev -- --host inakupa anwani ya kufungulia, simu na kompyuta zikiwa wifi moja.