Mashine ya kadi kwa mpaka hina: uliza laini kabla hujauliza bei

Desemba iliyopita niliitwa Shela, hapa kisiwani Lamu, kupaka hina wageni sita waliokuja harusini. Nyumba ya mawe ya kale: daka la mlangoni, kiwanda (yaani ua wa ndani ulio wazi), kisha ndani kabisa penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na huko ndiko walikotaka kukaa kwa kuwa kuna baridi. Nilipaka mikono na miguu saa nne nzima, hesabu ikafika shilingi 14,000. Mama wa bi harusi akatoa kadi. Mashine ikazunguka, ikazunguka, halafu ikaandika kwamba malipo yameshindikana. Tukapanda juu ya paa, yeye nyuma yangu maana kadi yake haiachi (na ana haki), tukajaribu tena, ikapita. Simu yake ikalia mara mbili: 14,000 na 14,000.

Kumbe mara ya kwanza ombi lilifika benki kwake, lakini jibu halikurudi kwenye mashine. Pesa zile zilikuwa zimezuiliwa tu, mimi sikupata hata senti, na benki yake ilikuja kuziachilia baada ya siku kadhaa. Lakini nenda kamweleze hayo mtu anayepanda ndege Manda kesho asubuhi. Jicho alilonitupia bado ninalo.

Tangu siku ile wapaka hina wenzangu, wasusi na wakandaji wananiuliza wachukue mashine gani. Wote huanza na makato. Jamani, makato si swali. Ukikatwa asilimia 3, kwa hesabu yangu ya siku ile ni shilingi 420. Unaipandisha bei yako kidogo na mambo yamekwisha. Swali ni hili: laini iliyomo ndani ya mashine ni ya mtandao gani, na je, unaweza kuibadilisha? Mashine nyingi huja na laini iliyofungiwa humo, ya data tupu. Huijui namba yake, huoni bando lake, na mtandao wake ukizama nawe umezama. Sisi tunafanya kazi nyuma ya kuta nene za matumbawe na chokaa. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, hakuna atakayetoboa ukuta ili mashine yangu ipumue.

Kwa hiyo mimi napanga kwa kigezo hicho, na sifichi: nambari moja ni Sabi ya Pesapal. Ni ya Android, inashika Wi-Fi, kwa hiyo nikiingia ndani nawasha hotspoti ya simu, simu naiacha kiwandani penye uwazi, mashine naenda nayo kwa mteja. Au naomba Wi-Fi ya nyumba, ambayo kwa wageni wa Shela haikosekani. Inapokea kadi na pesa za simu pamoja, na Pesapal ni kampuni ya hapa hapa Kenya. Ndiyo, naipendelea. Hajanilipa mtu.

Ya pili ni kuigeuza simu yako iwe mashine: programu ya benki, simu ya Android yenye NFC (kile kifaa cha ndani kinachosoma kadi kwa kuguswa tu), mteja anagusisha kadi mgongoni mwa simu basi. Kwa laini haina mpinzani, maana simu ya laini mbili unaweka Safaricom na Airtel, unahama upendavyo. Tatizo ni watu. Kiasi kikiwa kikubwa kadi hudai namba ya siri, na mzungu kuiandika kwenye simu yako yenye alama za piko kwenye kioo ni mtihani. Tena saa ya malipo ndipo mtoto wako anapiga kuuliza unga uko wapi.

Mashine za benki zenyewe naziweka ya tatu, ingawa kwa risiti hazina mfano. Wamarekani wengi wana kadi za mkopo zisizo na namba ya siri, hao hutia sahihi kwenye karatasi, na hapo mashine yenye printa inakuokoa. Ila usitie sahihi yako wewe kwenye mkataba mpaka uonyeshwe kwa macho kwamba inashika Wi-Fi. Ile iliyoniaibisha Shela ilikuwa ya benki.

Kiungo cha malipo unachomtumia mteja kwa WhatsApp kinafaa kwa malipo ya awali, mtu akiwa bado kwao. Akishafika hapa, mara nyingi benki yake hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya kwao, na laini hiyo ameizima asikatwe pesa. Mnabaki mnatazamana.

Tili ya M-Pesa kuwa nayo, ni ya wenyeji. Mgeni aliyeshuka jana hana laini iliyosajiliwa. Mashine ya mtumba ya mtandaoni usiiguse: hufungwa kwa funguo za siri za aliyeitoa, mikononi mwako itazuia mlango tu.

Sasa niseme la moyoni. Kwa nini mashine inakodishwa kwa mwezi kana kwamba Lamu ina wageni miezi kumi na miwili? Mei na Juni mvua inanyesha, kusi inavuma, hoteli kadhaa zimefunga, mimi nasuka mikeka, na kodi ya mashine inakatwa vile vile. Ukiirudisha, unaambiwa amana yako "inashughulikiwa". Nilishughulikiwa wiki saba. Na wale mawakala huja na mashine inayong'aa, wanakuonyesha wakiwa wamesimama barazani kwenye bahari, pale ambapo hata redio mbovu ingeshika.

Wa mwisho aliyekuja nilimkaribisha kahawa, nikamwingiza mpaka ndani, nikamwambia ajaribu hapo hapo kwa kadi yake mwenyewe, shilingi 50. Mashine ikazunguka. Akaiinua juu, akasogea mlangoni, akarudi. Kisha akaniambia, "Dada, hii ni shida ya nyumba zenu." Nikammiminia kikombe cha pili, nikamwonyesha mlango.