Stellenbosch hadi Pniel kwa baiskeli: mizabibu inapendeza, ila mbane mwongozo

Ziara hii huuzwa kama mvinyo na historia kwa baiskeli ya milimani: siku nzima, kuanzia Stellenbosch, kama kilomita 50 kutoka Cape Town, Afrika Kusini, kuvuka kipito cha mlimani cha Helshoogte na kuteremkia bonde la upande wa pili. Kampuni zinazoiendesha ni kadhaa na njia zao hazitofautiani sana, kwa hiyo ninachopima hapa ni ziara yenyewe. Kwa mpenda baiskeli, pesa haipotei. Kwa anayetaka historia, inategemea umepangiwa mwongozo gani, na wewe mwenyewe una mdomo kiasi gani.

Nianze na chombo. Nilipewa baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, magurudumu ya inchi 29, breki za mafuta. Breki ya nyuma ilikuwa imelegea, unaiminya mpaka inagusa mpini ndipo ishike. Nikasema mapema, kabla hatujatoka uani, na wakanibadilishia baiskeli nzima bila kununa. Tairi hazina tyubu. Ndani zimetiwa ule uji mweupe unaoziba matundu wenyewe, na thamani yake utaijua mara moja, maana kingo za mashamba zimejaa mbigili. Mwenzetu aliyekuja na baiskeli yake ya tyubu za kawaida alikaa chini kuziba pancha huku sisi tukila zabibu kwa macho.

Njia ni tamu. Unatoka mjini chini ya miti mikubwa ya mialoni, unapita nyumba nyeupe za mtindo wa Kidachi cha Rasi (yaani eneo la Cape) zenye vipaji vilivyopinda, ule ukuta wa mbele unaopanda juu ya paa, kisha unaanza kupanda ubavu wa mlima Simonsberg. Udongo ni mwekundu, umetokana na mwamba wa itale uliooza, na wakati wa kiangazi vumbi lake ni laini kiasi kwamba gurudumu la mbele linataka kukimbia peke yake kwenye kona. Mpando unachosha lakini hauui. Mteremko ndio uliofanya nipige kelele kama mtoto: kijia cha kupita mtu mmoja, kona zimejengwa kingo, mistari ya mizabibu inakupita kushoto na kulia, na mbele yako milima ya Drakenstein imesimama wima. Nyani wapo. Wanapenda zabibu kuliko watalii, na hawana haraka ya kukupisha.

Mwongozo wetu, kijana wa hapohapo bondeni, alikuwa bora kabisa kwenye mambo ya shamba. Alitusimamisha mwisho wa mstari mmoja, akapiga goti, akafukua majani chini ya mzabibu na kutuonyesha uvimbe kwenye shina, kama kifundo cha mguu, kidogo tu juu ya ardhi. Hapo ndipo mzabibu wa Kizungu ulipopandikizwa juu ya mizizi ya mzabibu wa Kimarekani. Mwaka 1886 ndipo mdudu filoksera alipogunduliwa huku Rasi. Ni mdogo sana, anafyonza mizizi mpaka mmea unakufa, na aliwafilisi wakulima wengi. Mizizi ya Kimarekani inamhimili, ndiyo maana kila shina unalopita lina lile kovu. Cecil Rhodes, yule tajiri na mwanasiasa wa kikoloni wa Kiingereza, naye alinunua mashamba mengi ya bonde hili baada ya balaa hilo na kuyageuza ya matunda. Maelezo ya namna hiyo, ukiwa umeshika shina lenyewe, huyapati kwenye basi la watalii.

Kwenye historia ya watu, hata hivyo, kanda ilikuwa moja na imezoeleka. Gavana Simon van der Stel alianzisha mji mwaka 1679. Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, walifika mwaka 1688. Nyumba hii ya mwaka fulani, kipaji kile cha mwaka fulani. Yote kweli. Lakini tuliposimama mbele ya kengele iliyoning'inizwa kati ya nguzo mbili nyeupe, tukaambiwa ni "kengele ya shamba", basi, tupige picha tuendelee.

Nikauliza ilikuwa ikimwita nani. Kijana akacheka kidogo, akatazama kama kiongozi wa kundi anasikia, kisha akafunguka, na kuanzia hapo tukapata ziara nyingine kabisa. Kengele ilikuwa ya kuwaamsha watumwa na kuwapeleka mizabibuni. Kati ya mwaka 1652 na 1808 waliletwa Rasi watumwa wapatao 60,000, kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji. Waliotoka upande wa Msumbiji waliitwa Masbieker. Wengi walipachikwa majina ya miezi, na mpaka leo utakutana na ukoo wa September au Februarie. Mimi mtu wa pwani ya Afrika Mashariki nilisimama pale na baiskeli yangu ya kukodi nikiwaza majahazi yaliyokuwa yakielekea kusini. Kwa msomaji wa Kiswahili, hiki ndicho kiini cha ziara nzima, na kipeperushi hakikitaji hata kwa mstari mmoja.

Ndiyo maana nasema Pniel isirukwe. Ni kijiji upande wa pili wa Helshoogte, kilichoanzishwa kama misheni mwaka 1843 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Utumwa ulifutwa tarehe 1 Desemba 1834, lakini walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana walewale kwa miaka minne kwa jina la uanagenzi, hadi 1838. Kanisa jeupe, bustani za mboga, watu wanaokusalimu kabla hujawasalimu. Mzee mmoja langoni aliponiuliza natoka wapi, akasema basi huenda tunadaiana salamu za siku nyingi. Ratiba ilitupa hapo muda wa kunywa maji tu. Kwenye kuonja mvinyo tulikaa mpaka matako yakafa ganzi.

Na hapo nina neno. Mimi sinywi. Nililetewa juisi ya zabibu, nzuri kwelikweli, lakini bei ikabaki ileile ya wanaoonja glasi tano. Halafu kuonja kumewekwa katikati ya safari, kabla ya mteremko wa mwisho! Hata kama watu wanatema kwenye ndoo, huo si mpangilio wa mtu anayejua baiskeli. Kwenye meza hiyohiyo ingefaa pia isemwe habari ya dop, ule utaratibu wa kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, ambao ulidumu vizazi na vizazi na kuacha ulevi katika familia nyingi za mashambani. Niliuliza, nikajibiwa kwa ufupi na kwa heshima.

Mwisho gari la kampuni lilitubeba sisi na baiskeli hadi lango la gereza la Drakenstein, zamani Victor Verster. Wengi hudhani Mandela alitoka kifungoni kutokea Robben Island. Alitoka hapa, tarehe 11 Februari 1990, kwa miguu. Nje ipo sanamu yake, ngumi juu. Gereza bado linatumika, kwa hiyo unaishia langoni.

Ukitaka kwenda, kumbuka misimu yao ni kinyume na tuliyozoea: mvua ni Mei hadi Agosti na vijia vinakuwa tope, kiangazi ni kikavu, upepo wa kusini-mashariki unasukuma mtu, na moto wa nyika ukizuka milima hufungwa. Januari hadi Machi utakuta mavuno, na trekta halikupishi. Waandikie mapema: urefu wako kwa ajili ya saizi ya baiskeli, saa nzima Pniel, kuonja kuwe mwisho, na bei ya asiyekunywa. Wakikujibu kwamba ratiba haibadiliki, jaribu kampuni ya jirani.