Albamu ya kwanza ya Dawn Ray'd, na kijana aliyenifutia

Kuna kijana hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye komini iitwayo Kenya, anauza nyimbo kwa flashi. Nilimlipa mapema anipakulie The Unlawful Assembly, albamu ya kwanza ya Dawn Ray'd, watu watatu wa Liverpool, Uingereza, waliyoitoa mwaka 2017. Ni blaki metali, roki ya kasi, ya gitaa zito na kupiga ukelele. Wimbo ulipoanza tu kulia kwenye spika zake, akageuka akaniambia mbele ya wateja: "Mukubwa, hii ni muziki ya shetani. Siweze kuiacha mu mashini yangu."

Akafuta. Flashi yangu ilikuwa bado imechomekwa, akaisafisha nayo yote, na picha za familia zilizokuwamo zikaenda. Mama mmoja aliyekuja kuchaji simu akaanza kukemea pepo kwa sauti. Makuta yangu, zile pesa nilizomlipa, nikayadai, akanyamaza kama hanisikii.

Shetani gani? Nakubali muziki huu una madoa yake. Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wapo waliochoma makanisa, na baadaye ndani ya muziki huuhuu wakaingia wafuasi wa Hitler. Lakini hawa watatu walisimama waziwazi kuwapinga hao. Waliwaka dhidi ya ufashisti, mabosi na polisi. Si angeuliza kwanza?

Binamu yangu ndiye aliyenitumia tena kwa simu. Nikaisikiliza usiku, ekuta (spika za masikioni) zimechomekwa. Ngoma zinakimbia hazipumui, gitaa linanguruma, halafu ghafla vyote vinaachia na inabaki vayolini peke yake, inalia wimbo wa kijijini. Mwimbaji ndiye huyohuyo anayeipiga. Koo lililokuwa linararuka dakika iliyopita limenyamaza, upinde ndio unaongea. Hapo nilirudisha nyuma nikasikia tena, na tena.

Na sisi watu wa hapa tuna haki ya kuusikia muziki huu kuliko wengi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waligoma wakidai mshahara, askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa mji huuhuu. Nyimbo za kuwalilia ninazozijua ni za taratibu mno, za matanga. Hii ina hasira inayolingana na jambo lenyewe.

Lakini sasa niseme linaloniudhi. Maneno hayasikiki! Bila kusoma mashairi pembeni hupati hata sentensi moja. Muziki wa siasa usioeleweka unamfikia nani? Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu. Tena ukinisukuma nitasema kosa ni lao pia: wameufungia ujumbe wa mfanyakazi ndani ya ukelele ambao mfanyakazi mwenyewe anaukimbia, na yule kijana wa flashi ni mfanyakazi kama mimi, anashinda juani kwa mia mbili mia mbili.

Hapana. Hilo nalifuta. Wale wa 1941 walishaongea taratibu, walidai kwa utaratibu, na walijibiwa kwa bunduki. Simwambii mtu yeyote apunguze sauti kwa ajili ya starehe yangu.

Nawapa tano. Spika ya simu haiwezi kuibeba, itasikika kama bati linakwaruzwa. Tafuta ekuta nzuri. Na kundi lilivunjika 2023, kwa hiyo tusingojee nyingine.