Fury na Wilder, Pambano la Pili: Mkono wa Kulia Ulionyimwa Nafasi

Karibuni wapenzi wa masumbwi. Leo tunachambua marudiano ya Tyson Fury na Deontay Wilder, Februari 22, 2020, MGM Grand, Las Vegas. Wengi mnalikumbuka kwa ile taulo iliyotupwa raundi ya 7 kulisimamisha, Fury akashinda. Mimi nawaomba muangalie miguu.

Desemba 2018 walitoka sare kule Los Angeles. Fury alipigana kwa kukwepa: anarudi nyuma, anayumbisha kiwiliwili, anadonoa kwa jabu, yaani ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele, anaondoka. Raundi nyingi alizibeba hivyo, lakini aliangushwa ya 9, akaangushwa tena ya 12. Kocha mwingine yeyote angemwambia endelea vilevile, ila uwe macho mwishoni. Fury akafanya kinyume. Akaachana na kocha wake, Ben Davison, akamchukua SugarHill Steward wa shule ya Kronk ya Detroit, ambako bondia anafundishwa kutulia juu ya miguu yake na kupiga kwa uzito wote. Akatangaza kabisa kwamba anakwenda kumpiga Wilder KO. Watu wakaona ni maneno ya kuuza pambano tu.

Sasa tazameni kengele ya kwanza. Fury anatoka moja kwa moja kuchukua katikati ya ulingo. Mkono wa kulia wa Wilder ni hatari kweli, sibishi, lakini unahitaji umbali, na unahitaji mguu wa nyuma uliokanyaga vizuri. Akisonga mbele anavyo vyote viwili. Akirudishwa nyuma, uzito unaangukia kisiginoni na ngumi inatoka na mkono mtupu, mwili haumo. Kwa hiyo Fury hakuhangaika kuuzuia ule mkono, alimrudisha nyuma mwenye mkono. Jabu mbili, anatikisa bega kama anataka kupiga, Wilder anarudi hatua. Jabu tena, hatua nyingine, mgongo huo unakaribia kamba.

Halafu angalieni wakikumbatiana, maana hapa watu wengi wanapeleka video mbele. Fury anaukandamiza mwili wake juu ya shingo na mabega ya Wilder na kumlalia. Safari hii alipima kilo kama 124, wakati pambano la kwanza alikuwa na 116 hivi. Waliosema amenenepa hawakuuliza uzito ule ni wa kazi gani. Kazi yake ni hiyo! Ubebe mzigo wa namna ile shingoni kila mkigusana, uone kama miguu itabaki na nguvu ya kurusha konde.

Raundi ya 3, mkono wa kulia unatua upande wa kichwa, Wilder chini. Ya 5, kushoto ya kuzungusha inaingia mwilini, chini tena. Mwamuzi Kenny Bayless alimkata Fury pointi raundi hiyohiyo, lakini haikubadilisha kitu.

Wilder baadaye alisema vazi zito aliloingia nalo ulingoni ndilo lililommaliza miguu. Sikubaliani naye. Miguu kuchoka haielezi kwa nini hakuwa na ngumi hata moja ya maana ya kupigia akiwa anarudi nyuma. Kasoro hiyo alikuwa nayo siku zote, ila wapinzani waliotangulia walimuogopa mno kuipima. Angeweza kuzunguka pembeni badala ya kurudi mstari mmoja, angeweza kudonoa tumboni kumpunguza Fury kasi. Hakufanya.

Na Mark Breland, kocha wa kona ya Wilder aliyetupa taulo raundi ya 7, alifanya sahihi kabisa. Bondia anavuja damu sikioni, harudishi ngumi, unasubiri nini? Inaniuma kwamba Wilder aliachana naye kwa sababu ya uamuzi ule.

Video ijayo ni pambano la tatu, la Oktoba 2021. Humo Wilder anaanza kwa jabu za tumboni, na Fury anakwenda chini mara mbili raundi ya 4.