Franchaizi: ile hela ya kuingilia inalipa au unaliwa?

Mtu akitaka kununua franchaizi, yaani ruhusa ya kufanya biashara kwa jina na mfumo wa kampuni nyingine, swali la kwanza ni ada ya kuingilia bei gani, na hapo ndo anapokosea, manake ada unalipa mara moja imeisha, kinachokumaliza ni mrabaha, ile asilimia unayomkatia mwenye jina kila wiki au kila mwezi mpaka mkataba uishe, na inakatwa kwenye mauzo sio kwenye faida. Mwezi huu umepata hasara? Yeye chake anachukua kama kawaida.

Mfano Subway, wale wa sandwichi, kule Marekani kuingia ni dola 15,000, unaona mbona nafuu. Sa mrabaha ni asilimia 8 ya mauzo, na matangazo asilimia 4.5, jumla 12.5. Tuseme duka lako kila mia inayoingia, ukishatoa mzigo, mishahara na pango, inabaki 15. Toa hiyo 12.5. Umebaki na 2.5 na hapo mkopo hujaugusa. Chick-fil-A, migahawa ya kuku ya hukohuko, ndo kiboko, kuingia dola 10,000 tu, ila wanachukua asilimia 15 ya mauzo kisha nusu ya faida inayobaki, na tawi sio lako, huwezi kuliuza wala kuwaachia watoto. Yaani umelipia ajira (ajira nzuri, sikatai, lakini ajira).

Basi mimi nikizipanga aina za franchaizi kuanzia ile bora, namba moja ni tawi ambalo tayari lipo na mwenyewe anauza. Hela ya mbele inaweza kuwa kubwa ila unanunua kitu kinachoonekana, wateja wapo, hesabu zipo. Omba ritani za kodi za miaka 3, achana na zile karatasi za kompyuta alizojichapia jana usiku, halafu uliza mkataba umebaki miaka mingapi, manake ukikuta umebaki mmoja basi unanunua mlango wa kwenda kulipa ada upya.

Namba mbili, huduma ndogo zisizotaka fremu, usafi, tuisheni, matengenezo ya nyumbani. Mtaji mdogo, ukianguka huanguki na nyumba. Ila jiulize kweli, kufagia ofisi kunahitaji jina la mtu? Kama kazi unaijua na wateja unawajua, anza mwenyewe, kwa mtu wa hivyo hiyo inazipita zote hapa.

Tatu ni tawi jipya la jina kubwa. Linalipa, kwa mwenye nazo. McDonald's Marekani ada ni dola 45,000 lakini kufungua kunapita dola milioni moja kirahisi, na wanataka uwe na 500,000 zako mwenyewe zisizo za mkopo. Halafu mara nyingi mwenye jengo ni wao wenyewe, kwa hiyo mrabaha unalipa na pango unawalipa haohao.

Mwisho kabisa, jina jipya lenye matawi matatu linalotafuta "wawekezaji". Hapa kimbia. Matawi machache hayaleti mrabaha wa maana, sa wanaishi kwa ada za kuingilia, na anayeishi kwa ada za kuingilia atamuuzia yeyote mwenye hela, hata kama eneo halifai.

Kabla hujasaini tafuta waliotoka. Sio wale wa kwenye kipeperushi wanaotabasamu, waliotoka. Marekani sheria inamlazimisha mwenye jina akupe nyaraka zote angalau siku 14 kabla hujasaini au kulipa, na ndani kuna orodha ya walioacha mwaka uliopita. Ukiwa kwingine iombe tu, akianza kuzungukazunguka jibu umelipata. Na mwambie wakili aanze na kifungu cha kutoshindana, manake kuna mikataba ikiisha hata ile kazi uliyoifanya miaka 10 huruhusiwi kuifanya tena karibu na hapo.