Mapigo ya moyo mazoezini: hesabu ya umri au kipimo cha maongezi?

Unakimbia au unatembea kwa kasi. Utajuaje kwamba moyo haujazidiwa?

Njia ya kwanza ni hesabu: 220 toa umri wako. Mwenye miaka 50 anapata 170, ndicho kilele cha mapigo yake kwa dakika. Zoezi la wastani ni asilimia 50 hadi 70 ya hapo, yaani mapigo 85 hadi 119 kwa dakika. Zoezi kali lisivuke asilimia 85, takriban 145. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kidole gumba chenyewe usikitumie kupimia, kina mapigo yake. Uzuri wa njia hii ni kwamba unapata namba ya kuandika na kufuatilia wiki hadi wiki. Ila 220 ni makadirio tu. Kilele chako halisi kinaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi. Na anayemeza dawa za presha au moyo kama atenolol au bisoprolol asiitegemee kabisa: dawa hizo huzuia mapigo kupanda, naye atajichosha akifukuzia namba asiyoweza kuifikia.

Huyo namshauri njia ya pili, kipimo cha maongezi. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini kuimba huwezi, uko kwenye wastani. Maneno matatu tu na pumzi inakata? Hilo ni zoezi kali. Haihitaji saa wala simu, na kwa anayeanza ndiyo ningeichagua kwanza.

Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama na utafute daktari, hata kama namba iko sawa.